Mgeni wa Tarehe Kumi na Nne

9 Mei
Chuo cha kwanza

Wifi yangu,

Nimefika. Basi lilikuwa na viti vya kukomoa watu, kwa hiyo mto mmoja niliukalia na mwingine nikaukumbatia tumboni chini ya khanga. Mama aliyekaa pembeni yangu aliutazama mwendo mrefu, kisha akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia huyu ni wa pamba na hanyonyi.

Nakuandikia saluni kwako na si nyumbani, na sababu unaijua. Simu ya nyumbani anatembea nayo kaka yako mfukoni. Yako uliitumbukiza mwenyewe kwenye beseni la kuoshea wateja nywele. Basi tumerudi kwenye kalamu kama shangazi zetu. Barua nitakuwa nampa kondakta wa basi la asubuhi, nimempa na alama ya kibanda chako: kioo chenye ufa, na mwenye saluni anayecheka kabla hajaambiwa kitu.

Sasa nikwambie ya moyoni. Kaka yako anajua kidonda kimekauka. Nilimwambia hivyo Jumapili, ndiyo kwanza nimetoka kusali, na ulimi haukuungua. Kweli yenyewe ni kwamba mshono umeshika vizuri huku juu, lakini chini, karibu na kinena, pamebaki tundu la kuingia kidole. Hii ni wiki ya tisa tangu watoe ule uvimbe. Kila siku lazima muuguzi atoe shashi ya jana, asafishe kwa maji ya chumvi, atie shashi nyingine. Wanasema kidonda cha namna hii kinatakiwa kijae kutoka ndani, mlango ufunge mwisho. Mlango ukitangulia ni balaa.

Daktari wetu alisema mwisho wa mwezi huu kisipofunga atapasua tena. Kisu sikiogopi, wifi. Naogopa ile dawa ya usingizi. Mara ya kwanza unakumbuka nilivyochelewa kuamka. Siku mbili kaka yako alikaa kwenye kiti kando ya kitanda na sare yake ya ulinzi, hakuvua hata kofia. Niliapa sitamrudisha kwenye kiti kile. Ndiyo maana nimesema kimekauka, na ndiyo maana nimesafiri. Vyuo vinne vya ushonaji, cherehani sitini na mbili, zote ziwe zimetengenezwa kabla ya mitihani ya wasichana. Tundu ambalo ningekaa nalo nyumbani nimekuja nalo huku. Afadhali nalo lione dunia.

Hapa zahanati iko ndani ya chuo. Leo nesi ametia kipande kimoja, chembamba kama utambi. Hakuna maumivu ya kusimulia. Nikicheka tu ndipo panavuta, na hapa kuna mwalimu mmoja anayenichekesha sana.

Usimwambie. Nakuombea mikono yako isichoke.

Ni mimi, fundi wako.

12 Mei
Saluni

Wifi mwenye tundu,

Barua imefika ikiwa na mafuta ya cherehani pande zote, mteja akadhani nimeletewa maandazi.

Nimekusikia, na nimedanganya kama ulivyoagiza. Nimemwambia kaka kidonda chako kimekauka kama jani la mwaka jana. Aliniuliza, "Umekiona?" Nikasema nimekiona. Akasema, "Lini?" Nikasema siku ile. Akasema, "Siku ipi?" Huyu ndugu yangu kazi ya kukaa getini imemharibu, wifi. Miaka kumi na tisa anaandika aliyeingia saa ngapi na aliyetoka saa ngapi, sasa hata mimi nikienda chooni nahisi nimeandikwa.

Jana nimemkuta amekaa kwenye kiti chako cha kazi, anakizungusha. Nikamwambia kaka, si ukivunje kabisa mwenyewe akute kuni. Akasema anakipaka mafuta. Kilikuwa hakilii, wifi. Mimi nipo pale kila siku, kile kiti hakijawahi kulia.

Barua zako naziweka ndani ya lile likofia la kukaushia nywele lililoungua. Hakuna anayeligusa, watu wanaamini lina umeme wa kulipiza kisasi. Lakini nitasema moja nisiloulizwa. Mimi nikidanganywa nanenepa. Kaka yangu akidanganywa anakonda. Hilo liandike.

Kula vizuri, na usibebe cherehani. Nakujua.

Wifi yako anayecheka mapema.

15 Mei
Chuo cha pili

Wifi,

Sibebi. Nawaambia wasichana wabebe, mimi natembea nyuma kama mkaguzi. Hapa wananiita Mama Bisibisi na wanadhani natembea polepole kwa sababu ya heshima yangu.

Safari ya kuja ilikuwa na vituko. Jana, tarehe 14, nilishuka njiani kubadili basi, nikaona zahanati palepale kituoni, nikasema nisije nikafika huku jioni nesi amefunga. Nesi wa pale ni msichana mwenye mikono mepesi, lakini basi lilishaanza kupiga honi na yeye akaanza kwenda kwa mwendo wa honi. Akatoa kipande cha jana, akachungulia, akasema, "Mama, hapa kuna kichochoro kinaingia kushoto." Akasukuma huko kipande kirefu chembamba, kisha akaziba mlango kwa kingine kifupi. Nikamwambia, "Mwanangu, unanijaza kama godoro." Akasema, "Godoro zuri ni lile lililoshiba, mama." Akanibandika plasta, nikawahi basi kiti changu kikiwa bado na joto.

Leo nesi wa chuo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amenifanyia tena. Ametoa kipande, ametia kipande, amesema ndani panapendeza. Tumbo langu lilipata kusifiwa hivyo mara ya mwisho nilipokuwa bibi harusi. Nilimshukuru kwa niaba ya tumbo.

Cherehani za hapa ni nzuri ila zimelishwa uzi mbovu. Moja ilikuwa inagonga kama inabisha hodi. Nikaifungua yote mbele ya darasa, nikatandika kile kitambaa changu cheupe, kila skrubu nikailaza juu yake kwa mpangilio. Nikawaambia wasichana kanuni ninayomwambia kila mtu: kilichotoka lazima kirudi, na kisicho chake lazima kitoke. Kitambaa hakijawa kitupu, cherehani haijapona, hata kama inazunguka. Mmoja akauliza, "Na ikizunguka vizuri, Mama Bisibisi?" Nikamwambia hiyo ndiyo ya kuogopa. Ndani yake tulitoa bonge la nyuzi kubwa kama yai la njiwa. Mtu aliziba, akaendelea kushona juu yake mwaka mzima.

Nimesali vizuri asubuhi. Nilimwomba Mungu anifungie mlango huu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimemwomba hivyohivyo, kwa tarehe.

Mwambie kaka yako kiti kisizungushwe sana, kitalegea.

Fundi.

20 Mei
Chuo cha pili

Wifi yangu,

Shukuru nami. Mlango unafunga.

Nesi wa miwani amejaribu kutia shashi leo, haikuingia zaidi ya kucha. Amesema kesho kutwa huenda nikawekwa plasta tu. Siku tano zilizopita kidole kiliingia, leo ni kucha tu. Niliomba kwa tarehe na nimejibiwa kabla ya tarehe. Tukifika mwisho wa mwezi nitaingia kwa yule daktari na kumwonyesha tumbo kama mtu anayeonyesha tiketi.

Nina homa kidogo ya jioni, naona ni ya maji ya huku. Na upande wa kushoto panavuta hata nisipocheka, ila ni kwa sababu ya kuinama, cherehani za hapa meza zake fupi. Kuna na kaharufu. Nilidhani ni mafuta ya mashine yameharibika, nimemwaga kopo zima, kaharufu kako palepale. Naweka maganda ya limau mfukoni. Wasichana wanasema nanukia kama chai.

Kesho nahamia chuo cha tatu. Kule kuna hospitali ndogo yenye daktari, si nesi peke yake, ingawa kwa hali hii sitakuwa na la kumwonyesha.

Kaka yako sasa unaweza kumwambia kidonda kimefunga, na safari hii utakuwa unasema kweli. Unaona? Uongo wetu ulitangulia tu, ukweli umeufuata.

Mwenye furaha,
Fundi.

23 Mei
Getini

Mke wangu,

Nimepiga simu ya ofisi ya chuo cha tatu mara nne tangu asubuhi. Inaita na haipokelewi. Barua hii anayo kondakta, nimemwambia aikabidhi mkononi mwako na si kwa mwingine, na nimeandika namba yake.

Jana nilikwenda saluni kwa dada kutazama likofia la kukaushia nywele, aliwahi kusema limeungua nikasema siku ya mapumziko nitalifungua. Dada hakuwepo, alikwenda kununua mafuta. Ndani nimekuta barua zako tatu. Nimezisoma. Najua hazikuandikwa kwangu. Nimezisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu.

Nakuandikia kama ninavyoandika kazini, kwa sababu namna nyingine leo siiwezi.

Tarehe 9 aliingia mmoja.
Kuanzia tarehe 10 hadi 13 hukuandika. Nachukulia alitoka mmoja akaingia mmoja kila siku.
Tarehe 14 alitoka mmoja. Wakaingia wawili: mrefu mwembamba, akapelekwa kichochoro cha kushoto, na mfupi, akakaa mlangoni.
Tarehe 15 alitoka mmoja. Akaingia mmoja.
Mpaka tarehe 20 hakuna mahali ulipoandika kuwa yule mrefu ametoka.

Yule nesi wa miwani hakuwepo tarehe 14. Hakuambiwa ni wangapi. Alimkuta wa mlangoni akamtoa, akadhani nyumba ni tupu.

Mke wangu, mgeni aliyeingia tarehe 14 yumo ndani mpaka leo, na wewe unafurahi kwamba lango linafungwa. Homa ni yake. Kuvuta kushoto ni kwake. Harufu si ya mafuta. Mimi sijasoma udaktari na sijui yaliyo ndani ya tumbo la mtu, lakini najua kuhesabu watu mlangoni, na hesabu hii haikubali.

Wewe hufungi cherehani mpaka kitambaa kiwe kitupu. Ukiipata barua hii usimalize skrubu uliyoishika. Mpelekee daktari wa pale hii karatasi. Akikucheka, mwache acheke, ila asome.

Kuhusu kutoambiwa, sikuulizi. Nilikaa kwenye kile kiti cha hospitali siku mbili nikikuona. Kiti chako cha kazi nimekikalia wiki mbili sikuoni. Ungenipa nafasi ya kuchagua ningechagua kile cha kwanza.

Ukisema nije, nitakuja.

Mumeo.

25 Mei
Chuo cha tatu, wodini

Wifi,

Usiogope neno wodini. Nimekaa kitandani, nina mito miwili, na huyu wa pamba bado hajanyonya.

Barua ya kaka yako ilinikuta jana mchana nimeinamia cherehani. Kondakta alikataa kuiacha ofisini, akaingia mpaka darasani na kofia yake. Nikaisoma nimesimama. Kwanza nilikasirika. Nilijisemea, mtu mzima mzima ananifanya mimi lango la kiwanda. Kisha nikafika pale alipoandika juu ya kitambaa kitupu, nikatazama kitambaa changu mezani, kina skrubu saba. Nikaziacha hapohapo, wifi. Sijawahi kufanya hivyo tangu nianze kazi.

Daktari wa hapa ni kijana mnene, mpole. Alisoma karatasi akacheka, kama ilivyotabiriwa. Akasema, "Mama, hii ni taarifa ya mlinzi au ya mgonjwa?" Nikamwambia ni ya mume. Akasoma tena. Mara ya pili hakucheka. Akaniambia nilale, akabonyeza kushoto, na mimi niliyekuwa nakwambia hakuna maumivu ya kusimulia nikamshika mkono nikamtajia majina yote ya Mungu ninayoyajua.

Hakunilaza usingizi, wifi. Ile dawa niliyokuwa naikimbia haikutajwa. Ilikuwa sindano ya ganzi tu, akaufungua mlango niliokuwa nauombea ufunge, usaha ukatoka wa kujaza bakuli dogo. Akaingiza koleo lake jembamba. Akavuta. Akaendelea kuvuta. Urefu wa kiganja na nusu, rangi siitaji kwa sababu unauza mafuta ya nywele ya rangi hiyohiyo. Manesi wawili walisogea kutazama. Daktari akakilaza kwenye sahani, akakitazama, akasema, "Kwa hiyo huyu ndiye wa tarehe kumi na nne."

Akaomba namba ya kaka yako, nikamtajia, akapiga palepale mbele yangu. Akasema, "Mzee, mgeni wako ametoka." Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tukamsikia. Akauliza, "Saa ngapi?"

Daktari alitazama saa ya ukutani akamwambia saa tisa na dakika kumi.

Homa imeshuka. Daktari anasema ningeendelea wiki moja nimefunga vile, ningepelekwa hospitali kubwa, na huko wasingetumia sindano ya ganzi. Nimemwomba Mungu msamaha kwa kumpangia tarehe.

Kwake sijaandika bado. Kila nikishika kalamu naona ile sare. Niambie alivyo.

Fundi.

27 Mei
Saluni

Wifi,

Alivyo, ni hivi. Siku ile alirudi kutoka kazini kama kawaida, akaingia, akavua kofia, akaiweka mezani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nimepanga na majibu. Akanisogezea karatasi ile aliyonakili, yenye walioingia na waliotoka, ameongeza chini: tarehe 24, saa 9 na dakika 10, ametoka. Akasema, "Weka sahihi." Nikamwambia kaka, mimi naweka sahihi ya nini? Akasema, "Shahidi." Nikaweka. Akaikunja akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Akala sahani mbili. Alikuwa hajala sahani mbili tangu uondoke, na mimi mpumbavu nilidhani ni mboga zangu.

Hakunisema. Ningependa angenisema. Nimemkatia nywele bure, na bado nahisi deni.

Kisha akalifungua likofia. Sasa linafanya kazi, na mimi sina pa kuficha kitu katika maisha haya.

Mwandikie mwenyewe. Mimi nimejiuzulu.

Wifi aliyetia sahihi.

30 Mei
Chuo cha nne

Mume wangu,

Nimechelewa kuandika kwa aibu, si kwa ugonjwa. Niliona nikikuandikia la uongo utalikuta, na la kweli sikujua pa kuanzia. Basi naanzia ulipoishia wewe.

Tarehe 25 aliingia mmoja. Tarehe 26 alitoka, akaingia mwingine. Hivyohivyo mpaka leo. Nimenunua daftari, nesi akimaliza namwambia aandike idadi na atie sahihi. Wa hapa alilalamika kwamba hajawahi kuona mgonjwa wa namna hii. Nikamwambia hajawahi kumwona mume wangu. Nimelala jana bila homa. Maganda ya limau nimeyatupa. Daktari wa chuo cha tatu ameandika barua kwa daktari wetu kwamba sasa kinajaa kutoka ndani, na kwamba kupasua tena hakuna haja, ila kitakwenda taratibu, pengine miezi miwili. Kwa hiyo mwezi unaisha na tundu ninalo. Lina urefu wa nusu kidole. Nakwambia kwa kipimo kwa sababu hutaki maneno.

Wifi alisema ukidanganywa unakonda. Nilimdharau. Nilidhani nakulinda usikae tena kwenye kile kiti, kumbe nilikuwa nimekufungia nje ya lango ambalo ni wewe peke yako ungeweza kulilinda. Mungu amenipa mlinzi ndani ya nyumba, nami nikamwambia mlinzi aende akalale.

Cherehani ya skrubu saba nilirudi kuimalizia kabla ya kuondoka kule. Kitambaa kikawa kitupu. Zimebaki tisa hapa, meza ni ndefu, siinami, wasichana wanabeba.

Jumamosi nitashuka basi la mchana. Sitapitia nyumbani kwanza, nitakuja moja kwa moja getini kwako, nikiwa na mito yangu miwili. Usisimame. Niandike kwanza kama unavyomwandika mtu yeyote: jina, nimetoka wapi, nimekuja kwa nani, saa ya kuingia. Pale pa saa ya kutoka pawe wazi.

Mkeo.